Uzi wa gitaa Nyanda za Juu Kusini: kama umeimba kwaya, usianze upya kama mgeni

Nyuzi Sita (mleta mada)

Wakuu, ugonile wana Mbeya, kamwene wana Iringa na Njombe.

Vijana wananitumia ujumbe ule ule kila mara: "Kaka nimenunua gitaa, nianzie wapi?" Ukiuliza vizuri unakuta kaangalia video mpaka bando limekata, kakariri kodi (chords) tatu, na sasa gitaa limetundikwa ukutani linakula vumbi. Naandika hapa ili niwe nawatumia kiungo tu. Maswali wekeni chini, nitajibu jioni nikitoka kazini.

Hoja yangu ni moja. Huku kwetu wengi wanaonunua gitaa wametokea kwaya. Moravian, Lutheri, Katoliki, Sabato, popote pale. Na kwaya zetu bado zinafundishwa kwa solfa, yaani do re mi: mwalimu anaandika ubaoni "Do ni G", anawapa sauti, mnaanza. Mtu anayeweza kusoma mstari wake wa tena (tenor) kwa solfa tayari anajua umbali kati ya sauti na sauti, kitu ambacho video nyingi za wanaoanza hazikigusi. Halafu huyo huyo akishika gitaa anajifanya hajui lolote, anaanza kukariri picha za vidole.

Haya, shika gitaa lako. Hesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba kabisa, huo ndio wa kwanza; mnene ndio wa sita. (Ndiyo, uzi wa kwanza uko chini karibu na magoti yako. Utazoea.) Nenda uzi wa tatu. Huo ni G. Upige bila kubana kitu: hiyo ndiyo do yako. Sasa bana freti ya 2 (freti ni vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo), umepata re. Freti ya 4, mi. Ya 5, fa. Ya 7, so. Ya 9, la. Ya 11, ti. Ya 12, do ya juu. Imba huku unapiga. Kama koo na uzi vinagombana, rudi kwenye do, usikilize tena, na uhakikishe umebana freti sahihi.

Umeona mi na fa zilivyopakana? Na ti na do? Kwingine kote umeruka freti moja katikati. Mwalimu wa kwaya amekwambia miaka yote kwamba hapo ni nusu toni, sasa uko nayo chini ya kidole. Na freti ya 12 iko pale ilipo kwa sababu ni nusu kamili ya uzi, kutoka kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja, kile kipande cha tumboni kinachoshikilia nyuzi. Ukikata uzi katikati, unatetema mara mbili zaidi, ndiyo maana unapata sauti ile ile juu zaidi.

Sasa nyuzi zote sita bila kubana, kuanzia mnene: E A D G B E. Kwa mwenye do yake G hizo ni la, re, so, do, mi, la. Hakuna uzi hata mmoja ulio nje ya wimbo. Ndiyo maana nasema anayeanza aanzie G, asianzie C kama vitabu vingi vinavyotaka. Ukiwa G hata kidole kikiteleza ukagusa uzi usiotakiwa, aghalabu hautaharibu sana.

Kodi nazo zisikutishe. Kodi ni sauti tatu za kwaya zimesimama pamoja:

G ni do mi so.
C ni fa la do.
D ni so ti re.
Em ni la do mi.
Am ni re fa la.

Tano hizo zinabeba nyimbo nyingi mno za ibada na za mtaani. Tatu za kwanza ukizishika unaweza kukaa na watu ukawapigia.

Na siri yenyewe ni hii, ambayo hakuna video itakupa: soma mstari wa besi. Kwenye karatasi ya kwaya, besi wakikaa kwenye d, piga G. Wakishuka kwenye f, piga C. Wakienda s, piga D. Wakikaa l, jaribu Em. Karatasi uliyokunja ndani ya kitabu chako cha nyimbo tayari ina kodi zake, ila hakuna aliyekuonyesha pa kusoma.

---

Mwalimu wa Besi

Mleta mada, umesema vyema, ila hapo kwenye besi nakuongezea kabla vijana hawajaenda kuvuruga ibada huko Tukuyu.

Besi wakiimba s, si kila mara ni D. Angalia soprano na alto wanaimba nini. Kama juu wana d na m, basi hiyo bado ni kodi ya do, yaani G, besi wamesimama tu kwenye so. Inatokea sana mwisho wa ubeti, kabla ya neno la mwisho: besi s s d, na juu m r d. Ile s ya kwanza ni G, ya pili ni D, halafu unafunga G. Ukipiga D zote mbili, m ya soprano inagongana na gitaa na watu wanageuka kukuangalia.

Vivyo hivyo besi wakiwa kwenye m, mara nyingi ni kodi ya do. Kwa hiyo soma besi, halafu inua macho uhakikishe na soprano.

---

Nyuzi Sita

Asante sana Mwalimu. Wanafunzi, someni post ya Mwalimu mara mbili.

---

bando_kwisha

Wazee mnatuchelewesha aisee. Mimi sijui hata hiyo solfa, nimejifunza kwa simu tu na napiga. Dunia iko kiganjani nyie bado mko d r m.

---

Nyuzi Sita

Dogo, simu sikukatazi. Mkono unajifunza kwa kuona: kidole gumba kinakaa nyuma ya shingo sehemu gani, kiwiko kinalegezwaje, ncha ya kidole inasimamaje karibu na freti bila kuikanyaga. Kwa hayo video ni mwalimu mzuri kuliko maandishi yangu.

Ila nikuulize. Wimbo aliotunga mwalimu wa kwaya ya kwenu, ulioandikwa kwa kalamu ya wino na kutolewa fotokopi, utaupata kwenye programu gani? Nyimbo zinazopendwa zaidi huku kwetu ziko kwenye makaratasi hayo tu. Hakuna mtu Marekani aliyekaa kuziandikia kodi. Usipojua solfa utangoja mwenye kujua akutafutie, kila wimbo, kila Jumapili.

---

bando_kwisha

Hapo umenikamata kidogo. Kidogo tu.

---

Kabwe Stendi

Mkuu mimi sina gitaa bado. Nimepita maduka ya pale Mwanjelwa nimeona mengine nyuzi za plastiki, mengine za chuma. Muuzaji anasema yote sawa, na kwamba ninaweza kubadilisha nyuzi nitakavyo. Ninunue lipi? Na nitajuaje kama si bovu?

---

Nyuzi Sita

Kabwe Stendi, yote si sawa, na hilo la kubadilisha usilifuate.

Lenye nyuzi za nailoni shingo yake ni pana na nyuzi zinavuta kwa uzito wa kilo 40 hivi kwa pamoja. Lenye nyuzi za chuma linavutwa kwa kilo 70 na zaidi, na ndani limejengwa kuhimili huo mvuto. Ukifunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, siku si nyingi daraja linang'oka au tumbo la gitaa linavimba na shingo inapinda. Nimeona magitaa ya namna hiyo zaidi ya moja, na hayaponi vizuri. (Zamani nyuzi laini zilikuwa za utumbo wa wanyama. Nailoni ilianza kutumika miaka ya 1940.)

Uchague lipi? Kama lengo ni kuimba na watu, kanisani au kijiweni, chukua la chuma, sauti yake inasikika. Kama vidole vyako ni vya kubembelezwa au unamnunulia mtoto, chukua la nailoni.

Sasa ukaguzi. Nenda na kadi tatu za benki. Azima kama huna. Kila kadi ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tatu zikipandana ni karibu milimita 2.3. Gitaa likiwa limetyuniwa (nyuzi zimekazwa zikatoa sauti zake sahihi), ziingize chini ya uzi wa sita kwenye freti ya 12. Kwa gitaa la chuma zikigusa uzi kidogo au zikipita kwa kubana, hiyo ni afya. Zikipita zikiwa zimelegea, na bado kuna nafasi ya kadi ya nne na ya tano, mwachie muuzaji gitaa lake. Utaumia vidole, utajiona huna kipaji, kumbe kosa ni la kiwanda. La nailoni nyuzi hukaa juu zaidi, kadi nne au tano ni kawaida.

Halafu bana uzi mmoja mmoja, freti moja moja, mpaka ya 12. Muuzaji atanuna, mwache anune. Unatafuta pale uzi unapotoa mlio wa nyuki. Kisha piga uzi bila kubana, bana freti ya 12 upige tena. Lazima iwe sauti ile ile juu zaidi. Ikipanda au kushuka waziwazi, hilo gitaa kodi zake zitakuwa chungu ukienda juu ya shingo, na hakuna mazoezi yatakayorekebisha.

Mwisho angalia kichwani: zungusha kila kitufe cha kukazia. Kikiteleza au kukwama, omba lingine.

Rangi na mng'aro ni vya picha za WhatsApp tu.

---

Seremala Mafinga

Niongezee kwa upande wa mbao maana ndiyo kazi yangu.

Magitaa mengi ya bei ya chini ni plaiwudi, hata kama karatasi iliyobandikwa juu inaonekana mbao safi. Chungulia kwenye tundu la tumbo, angalia ukingo wa ubao. Ukiona mistari ya tabaka, ni plaiwudi. Si dhambi. Kwa huku kwetu plaiwudi ina faida yake: haipasuki ovyo hewa ikibadilika.

Na hewa yetu inabadilika kweli. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mbao zinakunywa unyevu, tumbo linavimba, nyuzi zinapanda juu, unaona gitaa limekuwa gumu. Kuanzia Juni upepo mkavu na baridi, mbao zinasinyaa, ukipitisha mkono pembeni ya shingo unakwaruzwa na ncha za freti. Freti hazijakua, ubao ndio umepungua. Usikimbilie kuzipiga tupa mwezi wa nane, mvua ikirudi ubao utatanuka.

Mambo matatu nimeyaona kwa wateja. Msitundike gitaa juu ya jiko la mkaa au karibu na dohani kwa sababu sebule ndiyo yenye joto. Msiliache kwenye gari juani, gundi inalainika. Na likisafiri chini ya basi kutoka Dar, legezeni nyuzi kidogo na kichwa mkibane kwa nguo ndani ya begi. Kichwa cha gitaa ndicho kinachovunjika, tumbo ni mara chache.

Kuna kijana ameniuliza kama naweza kumtengenezea gitaa la msonobari wa msitu wa Sao Hill. Tumbo labda, ukipata ubao wenye nyuzinyuzi zilizonyooka na uliokauka vizuri. Shingo hapana. Shingo nitatumia mninga, ukikauka haupindi hovyo. Na ubao wa kubania vidole, ukipata kipande cha mpingo umepata kitu cha kudumu. Wazungu wanatengenezea zumari zao mpingo huo huo.

---

Mama Wawili

Samahani wakubwa kwa kuingilia. Binti yangu ana miaka 9, tuko Njombe mjini, anasumbua anataka gitaa kila siku. Baba yake anasema asubiri akue. Nawasikiliza nyie.

---

Nyuzi Sita

Dada karibu sana. Baba yake ana hoja kwa gitaa kubwa, ila yapo ya robo tatu, nyuzi za nailoni, yanamfaa mtoto wa umri huo. Mpime hivi: akiwa ameketi amelipakata, mkono wa kushoto ufike freti ya kwanza bila kunyooka kabisa.

Usimpe kodi kwanza. Mpe uzi mmoja. Kama anaimba Sunday school, ule uzi wa tatu nilioueleza juu unamtosha kwa muda mrefu tu, anatafuta mwenyewe nyimbo anazozijua. Akichoka aache, arudi kesho. Na asubuhi ya baridi ya Njombe mwambie apashe mikono kwenye kikombe cha chai kwanza, vidole vya baridi vinauma zaidi na havitii.

---

Mzee wa Kihesa

Vijana shikamooni mnaostahili kushikamoa, wengine marahaba.

Mimi nazungumzia masikio. Hapa Iringa miaka ya 1980 tulikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Wengi wenu mnasikia nyimbo zao kwenye redio mkiwa kwenye daladala na hamjui kwamba ni za hapa hapa. Sisi tulijifunza gitaa kwa kuzisikiliza hizo, na za Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki mwaka 1979. Ukitaka kujua gitaa la solo linavyozungumza Kiswahili, msikilize yeye.

Ila kila kijana leo anataka solo. Anataka achachawize. Ridhimu hataki. Nawaambieni, katika dansi gitaa la ridhimu ndilo linaloshikilia nyumba. Chukua wimbo mmoja wa zamani, vaa visikilizio, uchague gitaa moja tu, lile lililo nyuma, linalorudia kitu kile kile. Lifuate mpaka mwisho wa wimbo bila kuhama kwenda kwa mwimbaji. Mara ya kwanza litakupotea. Urudie. Siku litakapoacha kukupotea ndipo chukua gitaa uliige, hata kwa nyuzi mbili.

Mkono wa kulia ndio mpiga gitaa. Wa kushoto unachagua sauti tu. Mtu mwenye kodi mbili na mkono wa kulia uliotulia atachezesha harusi. Mwenye kodi ishirini na mkono wa kulia unaokimbiakimbia atakaa peke yake chumbani.

---

Nyuzi Sita

Mzee wangu shikamoo. Naomba uwe unapita mara kwa mara humu.

Kwa wanaoanza, tafsiri ya maneno ya Mzee kwa vitendo: weka kodi moja tu, G. Mkono wa kulia ushuke, ushuke, ushuke, ushuke, kwa kuhesabu moja mbili tatu nne. Usipandishe kwanza. Ukitulia, mkono ukiwa unarudi juu anza kugusa nyuzi za chini kidogo tu. Mkono hausimami hata usipogusa nyuzi, unaenda juu na chini muda wote, kinachobadilika ni wapi unagusa na wapi unapita hewani. Wengi wanausimamisha mkono ili wasubiri kodi ijayo, na hapo ndipo mdundo unapokufa.

---

Viazi Makete

Wakuu mimi niko huku kwenye baridi. Nina mikono ya jembe, nililima viazi toka nikiwa shule, nikadhani vidole haviwezi kuuma. Vinauma kama kawaida! Na kodi ya F ndiyo imenishinda kabisa. Nabana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, zinalia mbili. Nimekaribia kuliuza.

---

Nyuzi Sita

Usiliuze. Sugu za jembe ziko kiganjani na kwenye vifundo, gitaa linataka sugu kwenye ncha kabisa. Zinakuja zenyewe kwa wiki chache, mradi unapiga kidogo kila siku. Robo saa kila jioni inashinda masaa matatu ya Jumamosi, maana ukipiga masaa matatu ngozi inachubuka halafu unapumzika wiki nzima na sugu inaondoka. Usipige ukiwa umetoka kuoga au kufua, ngozi ikilowa ni laini. Kucha za mkono wa kushoto kata fupi.

Sasa F. Kabla hujajilaumu, fanya jaribio hili. Bana uzi wa kwanza kwenye freti ya 3. Ukiwa umeubana, tazama kwa karibu pale juu ya freti ya 1. Uzi unatakiwa karibu uguse freti hiyo, nafasi ya unene wa karatasi hivi. Rudia kwa nyuzi zote. Ukiona nafasi kubwa, shida ni kile kijipande cheupe kilicho kichwani mwa shingo, mifereji yake haikuchongwa ikatosha. Magitaa ya bei nafuu yana ugonjwa huo sana. Unalazimika kubana kwa nguvu isiyo ya kawaida kwenye freti ya 1, na F iko freti ya 1 kabisa. Jaribu mkao ule ule wa F ukiupandisha mpaka freti ya 5, hapo inaitwa A. Kama pale inalia vizuri na freti ya 1 hailii, mkono wako ni mzima. Mpelekee fundi achonge, kidogo kidogo, maana akizidisha uzi utapiga kelele bila kubanwa na itabidi kijipande kibadilishwe.

Wakati unasubiri fundi, piga F ndogo: acha uzi wa sita na wa tano, bana wa nne freti ya 3, wa tatu freti ya 2, wa pili freti ya 1, wa kwanza uache wazi. Ina ladha tofauti kidogo lakini wimbo unaenda.

---

Viazi Makete

Nimejaribu hiyo ya freti ya 5. INALIA. Zote sita. Kumbe!

---

Seremala Mafinga

Ukishuka Mafinga lilete, hiyo kazi ni ya dakika chache na tupa ndogo. Mkuu kasema kweli, wengi wanaletewa lawama za vidole bure.

---

Kabwe Stendi

Nimenunua wakuu! La chuma, kadi tatu zimepita kwa kubana kama mlivyosema. Muuzaji alidhani nataka kulipa kwa kadi. Sasa maswali mawili. Simu yangu ya kutyuni inachanganyikiwa tukiwa mazoezini, kelele nyingi. Pili, mpiga kinanda wetu anapiga kila kitu kwa do ya F na B flati (B iliyoshushwa nusu toni), na mimi nina G yenu hii.

---

Nyuzi Sita

Hongera sana. Kwa kelele, nunua kile kityuni kinachobanwa kichwani mwa gitaa, kinasikiliza mtetemo wa mbao badala ya hewa. Kama huna, tyuni kwa masikio. Omba kinanda kikupe E ya uzi wa sita. Halafu bana uzi wa sita freti ya 5, uzi wa tano wazi uwe sawa na hiyo. Wa tano freti ya 5 unatoa wa nne. Wa nne freti ya 5 unatoa wa tatu. Wa tatu, hapo ni freti ya 4, unatoa wa pili. Wa pili freti ya 5 unatoa wa kwanza. Watu wanaikariri hiyo ya 4 bila kujua sababu, ila wewe rudi kwenye solfa: nyuzi zako ni la re so do mi la. La hadi re, re hadi so, so hadi do, mi hadi la, zote ni umbali mmoja, freti 5. Do hadi mi tu ndiyo fupi, freti 4. Huwezi kuisahau tena.

Na tyuni ukiwa ndani ya kanisa, usifanye hivyo nyumbani ukatoka nalo. Nyuzi za chuma zikipata baridi ya asubuhi zinakaza na sauti inapanda. Liache kama dakika kumi lizoee humo ndani kwanza.

Kuhusu kinanda, nunua kapo, kile kibanio cha shingoni. Ukibana freti ya 3, vidole vyako vya G vinatoa B flati. Kwa F, kapo freti ya 3 halafu piga kama uko D, au freti ya 5 upige kama uko C. A flati ni freti ya 1 na vidole vya G. E flati ni freti ya 1 na vidole vya D. Do imehama tu, kama mwalimu anavyofuta "Do ni G" ubaoni na kuandika nyingine. Nyie waimbaji hamkujifunza wimbo upya siku hiyo, na mkono wako pia hautajifunza upya.

---

bando_kwisha

Mkuu mimi natumia la umeme la kanisani kwetu. Jana nimeimba huku napiga, mdomo ukagusa maiki nikapigwa shoti ya ajabu. Ni kawaida?

---

Nyuzi Sita

SI KAWAIDA. Usiliguse tena mpaka fundi umeme aangalie soketi na amplifaya. Mara nyingi waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) haupo au umekatwa kwenye plagi. Watu wamekufa kwa hilo. Waambie viongozi leo, usisubiri Jumapili.

---

Kabwe Stendi

Kapo nimepata, asanteni. La mwisho jamani. Karatasi ya wimbo wetu mpya ina herufi sijawahi kuiuliza maana sisi waimbaji wa tena hatuna, wanayo alto: "fe". Besi hapo wako r. Nimepiga Am kama ulivyoandika juu, alto wakanigeukia wote.

---

Mwalimu wa Besi

Walikuwa na haki mwanangu. Fe ni fa iliyopandishwa nusu. Am yako ina fa ya kawaida, wao wanaimba fe, mnagombana. Hapo piga A, re fe la, au A7, yaani A iliyoongezewa do. Na angalia mbele, karibu kila mara kinachofuata ni kodi ya so, yaani D yako. Kwa uzi wa pili, ulipokuwa unabana freti ya 1 kwenye Am, sogea freti ya 2.

Ukikutana na "se", hiyo ni so iliyopandishwa. Besi watakuwa m, piga B7 (mi se ti re), na itakupeleka Em.

---

Kabwe Stendi

Nimejaribu sasa hivi A7 halafu D halafu G. Ndiyo yenyewe. Jumamosi mazoezini nawaonyesha alto.